Kamba Mbili kwenye Mchungwa wa Katikati

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo hata sikuthubutu kumwuliza mtu. Je, wifi yangu akiwaondoa maji moto wake kabla sijawaondoa wangu, mama atampenda zaidi? Niliwaza hivyo nikiwa nimelala chali, kisha nikageuka ubavu nikawaza hivyo hivyo. Akiwaondoa yeye kwanza, ataonekana mwenye moyo mkubwa. Nikiwaondoa mimi kwanza, huenda nikaonekana nimeshindwa. Na kama hapana atakayewaondoa, michungwa ya mama itapukutisha matunda yote hata kabla ya masika. Nilikuwa nimetoka kumaliza mafunzo ya ualimu. Nilifundisha watoto wa watu kujumlisha na kutoa, na hesabu hii ya nyumbani kwetu ilikuwa imenishinda.

Maji moto ni wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mti kwa nyuzi nyeupe na kuyafanya kiota. Aliyeumwa nao hana haja ya kuelezwa kwa nini wanaitwa hivyo. Pwani yetu watu wengi huwachukia, wakwezi kuliko wote, kwa maana mkwezi akiwa juu ya mnazi hana mkono wa kujikunia. Ndiyo maana huwachoma kwa mwenge wa makuti kabla ya kupanda. Lakini mti wenye maji moto hauingiliwi ovyo. Yule mdudu wa kahawia mwenye miguu mirefu, anayechoma tunda changa kwa mdomo uliochongoka kama sindano na kulinyonya hadi likaanguka, akitua kwenye mti huo hukuta wenyeji wamekwisha kumzunguka.

Michungwa ilikuwa ya mama. Huku kwetu ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyo juu yake ikawa ya mwingine, wala hapana anayeshangaa. Bibi mzaa mama alipewa michungwa ile na baba yake siku ya harusi yake, naye akampa mama, na mama, tangu sijaota meno ya pili, alikuwa akinionyesha kwa mkono na kusema, "Hii ni yako. Mimi naishika tu." Ilikuwa upande wa Kaole, nje kidogo ya mji, imesimama safu moja kutoka kisimani hadi njiani, imekaribiana kuliko inavyotakiwa kwa sababu aliyeipanda hakudhani itanenepa vile. Wa katikati ndio uliokuwa mkubwa. Machungwa yake yalikuwa na ganda gumu na maji mengi, na wagonjwa wa mtaa mzima walikuwa wakiletewa hayo.

Nilipokuwa mtoto, kazi ya kupambana na wadudu ilikuwa yangu. Mama hakutaka dawa ya dukani. Alisema kitu anachokamulia mtoto mchanga mdomoni hakiwezi kupita kwenye sumu kwanza. Kwa hiyo nilichekecha majivu ya kuni za mkoko, nikayanyunyiza kwenye mchicha na bamia alfajiri, umande ungali juu ya majani ili majivu yashike. Nilitwanga majani ya mwarobaini, nikayaloweka usiku kucha, asubuhi nikachovya ufagio wa chelewa na kurushia mimea maji yale machungu. Mikono yangu ilinuka mwarobaini hata kwenye chuo cha Kurani wenzangu walisogea mbali nami, nami nilijivuna kwa harufu hiyo. Nilijua ni harufu ya mtoto anayetumwa na mama yake kuliko wengine.

Kisha nikaenda kusoma, kwanza shule ya wasichana, halafu mafunzo ya ualimu. Huku nyuma kaka yangu, aliyekuwa dereva wa lori la kupeleka mizigo Chalinze na Lugoba, akaoa mwanamke wa Pangani.

Siku niliyorudi na sanduku langu la bati, nilipita ukumbini, nikatokea uani. Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka, na mbele yake, ameinama kwenye mchicha, wifi yangu alikuwa na chekeche mkononi. Chekeche langu. Lile lenye mpini niliouzungushia kitambaa mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko hamli?"

"Tunakula, mama."

"Wifi yako kakupikia. Na mchicha huo unaouona ni kazi yake. Mwaka huu hata tundu moja huoni."

Niliutazama mchicha. Nilitafuta tundu. Niliinua jani moja nikatazama chini yake, nikajifanya nalinusa.

"Karibu, mwalimu," wifi alisema, akijipangusa majivu kwa upindo wa kanga. "Usinikague sana. Mimi sikusomea."

Alicheka, mama naye akacheka, na mimi nikacheka baada yao, nimechelewa kidogo kama mtu anayeitikia dua asiyoijua.

Nataka kuwa mkweli juu ya wifi yangu. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa yule mjinga wa hadithi anayeshangaza watu kwa werevu aliouficha. Alikuwa rika langu, binti wa nyumba ya wafanyabiashara wa mji wa kale wa Pangani, anasoma Kurani kwa sauti iliyofanya hata wapita njia wapunguze mwendo, na ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe mpya. Mambo ya shamba aliyajua kama nilivyoyajua mimi, kwa kuwa naye alilelewa na bibi mwenye shamba. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Angekuwa hajui, ningemfundisha. Angekuwa anajua zaidi, ningejifunza. Lakini tulijua sawasawa, na hapakuwa na nafasi ya watu wawili.

Kila jambo kwake lilianza na "kwetu Pangani." Kwetu Pangani majivu hatuyatii maji. Kwetu Pangani mwarobaini hutwangwa na sabuni kidogo ushike majani. Mama alikuwa akimsikiliza na kuitikia, "Ee, ni kweli," na mimi nilikuwa nikijiuliza kama nilipokuwa nikimwambia mama jambo lile lile miaka ya nyuma aliwahi kuitikia "ni kweli," au alinyamaza tu kwa kuwa mimi nilikuwa wake na sikuhitaji kuitikiwa. Wakicheka jikoni, nilisimama ukumbini nisikie wanacheka nini. Nikiingia wakanyamaza, niliamini walikuwa wakinicheka mimi. Nikiingia wasinyamaze, niliamini hawanijali hata kiasi cha kunyamaza.

Nilipata kazi kwenye shule ya wasichana ya pale pale mjini. Watu walinipongeza. Mama alipika pilau. Lakini asubuhi mimi nilikwenda shule na wao wawili wakaenda shambani, na niliporudi mchana niliwakuta wameshakoga, wamekaa, wana mambo yao ya shambani yaliyokwisha tokea bila mimi: nyoka waliyemwona, jirani aliyepita akasema hivi na hivi. Mama alinisimulia yote, hakunificha. Kusimuliwa ndiko kulikoniuma.

Kaskazi ilipokaza, machungwa machanga yakaanza kuanguka. Yalikuwa madogo kama gololi, ya kijani, na kila moja lilikuwa na doa jeusi mahali lilipochomwa. Kaka alirudi na kopo la unga mweupe alilonunua Dar es Salaam, akasema ndiyo dawa mpya, ukinyunyiza hakibaki kitu.

"Hakibaki kitu," mama alirudia. "Nyuki je?"

"Mama, nyuki watakuja wengine."

"Na wewe nikikunyunyizia, atakuja mwingine?"

Kaka alilirudisha kopo kwenye lori. Mama akageuka, akajikanda kiuno, akasema jambo nililokuwa nikilisubiri na kuliogopa tangu niliporudi. "Mgongo wangu umekataa. Kabla ya masika nataka nijue nani wa kuishika michungwa hii. Sitaki niwe naulizwa kila siku."

Hakunitazama mimi aliposema hivyo, wala hakumtazama wifi. Alitazama sufuria.

Usemi ule niliugeuza kila upande. Kama michungwa ni yangu, mbona anataka kujua nani wa kuishika? Au alikuwa na maana kwamba ni yangu, ila itashikwa na mwingine, kama yeye alivyokuwa "akiishika tu"? Au alikuwa akinipima aone kama nitasema? Sikusema. Wifi ndiye aliyesema.

"Mama, kwetu Pangani tungetia maji moto."

Nilikuwa na neno hilo hilo mdomoni. Naapa nilikuwa nalo. Jana yake shuleni nilikuwa nimesimama chini ya mti wa mkungu ulio nyuma ya darasa, nikitazama viota vya maji moto na kupanga jinsi ya kuvichukua. "Hata mimi nilikuwa nataka kusema hivyo," nikasema, na nikasikia mwenyewe jinsi lilivyotoka, kama mtoto anayeinua mkono baada ya mwenzake kujibu.

"Ndiyo, wifi," akasema, "nimeona ulivyokuwa unataka."

Mama alitutazama mmoja mmoja. Ni mwanamke aliyeishi na wake wenza wawili wakati wa baba, akazika mmoja na kumwuguza mwingine, na alijua namna ya kugawa. "Basi," akasema. "Wewe, mke wa mwanangu, chukua miti ya upande wa kisima. Wewe, mwanangu, chukua ya upande wa njia. Wa katikati niachieni mwenyewe."

Maji moto huhamishwa asubuhi na mapema, kungali baridi, wakiwa wamelala ndani ya viota vyao. Unajipaka majivu mikononi hadi kwenye kwapa, kwa sababu hawapendi kutembea juu ya majivu, kisha unakivika kiota gunia, unafunga mdomo, unakata tawi. Sharti moja ni kubwa: viota vyote vitoke kwenye mti mmoja. Maji moto wa mti huu na wa mti ule si ndugu. Wakikutana hupigana hadi upande mmoja uishe. Hilo kila mtu aliyekulia shambani analijua. Mimi nililijua. Wifi alilijua.

Wifi alichukua wake kwenye mkorosho mmoja karibu na kisima. Mimi nilichukua wangu kwenye ule mkungu wa shule, na mwalimu mkuu alifurahi, kwa kuwa walikuwa wakiwaangukia wanafunzi shingoni. Niliwatundika kwenye michungwa ya upande wa njia, nikawapakia matumbo ya samaki kwenye shina wapate chakula cha ugeni, nikafunga kamba za makumbi kutoka mti hadi mti ili wapite juu kwa juu wasishuke chini kwa chungu weusi. Wifi naye akafanya vivyo hivyo upande wake. Baada ya muda si mrefu wakaanza kushona. Nilisimama chini ya mti wangu nikiwatazama wanavyovuta jani na jani hadi kingo zikutane, wengine wakija na mabuu yao midomoni kutoa nyuzi, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nilihisi niko nyumbani.

Kisha nikatazama upande wa kisima. Viota vyake vilikuwa vikubwa kuliko vyangu.

Nilirudi nikavitazama vyangu. Nikaenda tena nikavitazama vyake. Nilijiambia ni mwanga tu. Nikajiambia mkorosho una maji moto wanene kuliko mkungu. Nikaanza kuleta matumbo ya samaki kila siku badala ya mara moja moja. Nilipita sokoni kwa wavuvi nikitoka shule, nikabeba kwenye kifuko cha ukindu, na wanafunzi wangu walioniona walidhani nafuga paka.

"Mwalimu, wanao wanakula vizuri," wifi alinitania siku moja akiwa chini ya mti wake. "Mwisho watakataa kazi."

"Wangu hawakulelewa kwa njaa."

"Wala wangu. Wangu wamelelewa kwa adabu."

Mama, aliyekuwa akichota maji, akasema, "Nyamazeni, mnawaamsha."

Machungwa yaliacha kuanguka, kwake na kwangu. Yakabaki yale ya mti wa katikati, ambao maji moto walikuwa bado hawajaufikia, kwa kuwa matawi yake yaligusa ya jirani kwa ncha tu. Kila asubuhi chini yake palikuwa na gololi za kijani, na mama akiziokota moja moja na kuzitia kwenye pindo la kanga. Nilimwona. Nikawaza: atakayeuponya mti wa katikati ndiye atakayeachiwa yote. Niliwaza hivyo kwa uwazi kabisa, kama ninavyoandika sasa. Basi siku ya Jumamosi, mama akiwa amekwenda kwenye maziko ya jirani, nilifunga kamba kutoka mti wangu wa mwisho hadi tawi la mchungwa wa katikati. Niliipaka mafuta ya samaki ili wasichelewe.

Kamba ya wifi sikuiona, kwa sababu ilikuwa upande wa pili wa majani, nayo alikuwa ameifunga siku ile ile au siku iliyotangulia. Mpaka leo tunabishana ilikuwa siku gani.

Vita vilianza juu. Mwanzoni nilidhani ni furaha ya kupata mti mpya, walivyokuwa wakikimbia. Nilipokaribia, nikaona kila mmoja ameshikwa na wengine miguu yote, wananyooshwa kama ngozi ya ngoma. Walianguka kwa mafundo, wamekamatana, chini ya mti pakawa pekundu. Na hao wadudu wa kahawia, kwa kuwa walinzi walikuwa na kazi nyingine, wakatua wapendavyo. Machungwa machanga yakaanguka juu ya maiti za maji moto. Kufikia wiki iliyofuata, vita vilikuwa vimepita matawi, kwa maana michungwa ile imegusana, na vikaingia kwenye miti ya pande zote mbili.

Mama alipotoka matangani kwa jirani, alikuja shambani, akasimama. Alitazama kamba yangu. Akazunguka mti, akatazama kamba ya wifi. Sisi wawili tulikuwa tumesimama kama wanafunzi waliokamatwa wakinong'ona.

"Niliomba maji moto," akasema. "Mmeniletea vita."

"Mama, tukate kamba," wifi akasema.

"Kata. Matawi nayo utayakata?"

"Tupunguze matawi," nikasema mimi.

"Matawi yana matunda. Utakuwa umemsaidia mdudu kazi." Alijikanda kiuno. "Hakuna dawa ila mmoja awaondoe wake wote, wa mwenzake wabaki wachukue miti yote. Ni yupi, mtajua wenyewe. Mimi sichagui kati ya watoto wangu."

Watoto wangu. Alisema hivyo, ametutia sote kwenye kapu moja, na wifi aliinamisha uso nikaona anatabasamu. Sijui alitabasamu kwa furaha au kwa aibu. Nililiwaza hilo tabasamu kwa siku kadhaa.

Tulipokuwa tukirudi mjini, mama ametangulia, nilimwambia wifi kwa sauti ya chini, "Wako ndio waliovuka kwanza."

"Wangu walikwenda kutembea tu. Wako ndio waliofika na fujo, wananuka samaki."

"Utawaondoa?"

"Mimi?" Akasimama, akajitanda buibui vizuri. "Wifi, mimi ni mgeni wa nyumba hii. Mgeni akiondoa vitu vyake watu watasema anarudi kwao. Wewe mwenye nyumba, ukiondoa vyako, watasema nini? Hawatasema kitu."

Lilikuwa neno la kweli, na sikutaka liwe lake. Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye alikuwa akihesabu nafasi yake. Lakini kulijua hilo hakukuupunguza wivu wangu hata chembe. Kuliuongezea kitu kingine tu cha kutafuna.

Basi zikafuata siku za kungojeana. Yeye hakuondoa, mimi sikuondoa. Kila nikitoka shule nilipitia shambani, nikamkuta naye amepitia. Tuliamkiana vizuri sana. Tulizungumza juu ya jua. Machungwa machanga yaliendelea kuanguka, na mama akaacha kuyaokota. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa akipita juu yake kama mtu anayepita juu ya majani makavu.

Nilifikiri kila kitu. Nilifikiri kwamba maji moto wake ndio wenye nguvu, kwani viota vyao vilikuwa vibichi, vinashonwa upya kila siku, na vyangu vilikuwa vimeanza kukauka na kugeuka rangi. Kwa hiyo kwa akili ya shamba wangu ndio wa kuondoka. Nikafikiri kwamba hiyo ndiyo hukumu anayotaka mama niitoe mwenyewe. Kisha nikafikiri kwamba labda mama anataka nikatae, nisimame, niseme michungwa ni yangu na maji moto wangu wakae. Nikafikiri kwamba aliye na maji moto ndiye aliye na miti. Masika ikifika na mti mzima umeshonwa na watu wa wifi, nani atanikumbuka? Halafu nikafikiri lile la mwisho, lililonitoa usingizi kabisa: kwamba wifi naye amelala chumba cha pili, naye anafikiri hivyo hivyo, na kwamba kesho, kwa werevu wake, ataamka mapema, awaondoe wake, na mama aseme mbele yangu, "Mtoto wa watu kanihurumia kuliko niliyemzaa."

Wazo hilo sikulistahimili. Ningeweza kustahimili kupoteza miti. Kumwona yeye akiwa mwema kabla yangu nisingeweza.

Lakini nikiandika kwamba ni hilo tu, nitakuwa nimepunguza. Niliona pia pindo la kanga ya mama, tupu. Niliona kwamba mti wa bibi ukikosa matunda mwaka huu, atakayekosa ni yule mgonjwa wa jirani na yule mtoto mchanga, wala hawatajua kamba ilikuwa ya nani. Nikajiuliza, kwa unyofu wote niliokuwa nao: nataka miti iwe yangu, au nataka iwe na machungwa? Jibu lilikuwa kwamba nilitaka vyote viwili, lakini moja lilikuwa halingojei.

Adhana ya alfajiri ilipokwisha niliswali, nikachukua gunia, panga, na majivu kwenye kata, nikaenda. Sikumwambia mtu. Nilitembea upesi hata nikajichukia mwenyewe kwa jinsi nilivyokuwa nikisikiliza nyuma kama wifi anakuja.

Hakuwa amefika. Nilijipaka majivu. Nikaanza na mti wa katikati, viota vilivyokuwa vyangu, ambavyo nilivijua kwa majani yaliyokauka kingo. Nikavika gunia, nikafunga, nikakata. Baada ya hapo miti ya upande wa njia, mmoja baada ya mwingine. Wachache waliotoka walinipanda shingoni mahali majivu hayakufika, nikaumwa, nikaendelea. Sikulia kwa kuumwa. Nilipofika mti wa mwisho ndipo nilipomsikia.

"Wifi? Unafanya nini?"

Alikuwa amesimama kisimani, ameshika kibati cha matumbo ya samaki. Hakuwa na gunia. Nilitazama kwanza kama ana gunia.

"Nawaondoa."

"Wa nani?"

"Wangu. Wa nani wengine?"

"Mama kakutuma?"

"Hakunituma."

Akaweka kibati chini. "Na mimi nilikuwa nimekusudia kesho," akasema.

"Basi nimekuwahi."

"Umeniwahi, mwalimu." Akanitazama kwa muda, na sijui mpaka leo kama alikuwa amekusudia kweli, au alisema tu ili asiniachie wema wote peke yangu. Ningekuwa mimi, ningesema hivyo hata kama si kweli. Labda ndiyo sababu sikumwuliza.

"Njoo ushike mdomo wa gunia," nikamwambia. "Kimebaki kimoja na kiko juu."

Alikuja, akashika. Nilikata tawi, kikaanguka vibaya, nusu ndani nusu nje, wakamwagika mikononi mwake. Alipiga kelele, akaruka, hakuachia gunia.

"Hawa wako hawana adabu!"

"Wamesoma shule."

"Ndiyo maana wanauma kwanza halafu ndio wanauliza!" Akajikung'uta, akicheka na kulia pamoja, na mimi nikafunga mdomo wa gunia haraka.

Nilipomaliza, nilikwenda kwenye mchungwa wa katikati. Kamba yangu ilikuwa bado inaning'inia, imelegea. Nilikuwa na panga mkononi, na ningeweza kuikata nikaondoka nayo. Niliivuta, nikaikaza upya, nikaifunga vizuri kwenye tawi ambalo maji moto wake walikuwa wakipita, ili wavuke hadi kwenye miti ya upande wa njia, yote, mpaka ule wa mwisho.

"Wataanza kuvuka leo leo," wifi alisema nyuma yangu, kwa sauti ya mtu asiyejua kama anaruhusiwa kufurahi.

"Wape matumbo kwenye shina la kwanza," nikasema. "Wakikataa, ongeza."

Nikajitwisha gunia, maji moto wakinguruma ndani kama mvua ya mbali juu ya makuti, nikashika njia ya vichakani kwenda kuwamwaga, nikiwa nimechelewa shule.